Maji ya Kuku: Kutengeneza Chombo cha Kunywea na Kukisafisha

Mkulima wa skimu akiulizwa kuku wake wanakula nini, atajibu upesi, maana chakula hukinunua kwa fedha na bei yake haimtoki kichwani. Akiulizwa wanakunywa nini, mara nyingi husema, "Maji tu." Somo la mwezi huu ni juu ya hayo maji tu.

Yai la gramu 60 lina maji karibu gramu 40 ndani yake. Kuku anayetaga hula chakula gramu 110 au 120 kwa siku, na maji hunywa kama mara mbili ya uzito huo, yaani karibu robo lita. Siku za jua kali huzidi hapo sana. Basi mwenye kuku 50 hana budi kuwa na maji lita 12 hivi kila siku, yawe safi, na yapatikane wakati wo wote kuku atakapo kunywa. Kuku mwenye kiu hali. Waweza kumwagia chakula kizuri cha gharama, naye akakitazama tu. Na akikosa maji mchana na usiku, kutaga hupungua kwa siku nyingi baadaye, hata kama maji yamerudi.

Jambo hili ni zito zaidi kwa wakulima wa Kieni, katika ile nchi kavu iliyo kati ya Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Mkulima wa Naro Moru, wa Mweiga au wa Solio aona theluji ya mlima kwa macho yake asubuhi, na hata hivyo bomba la nyumbani laweza kukauka siku kadhaa, kwa sababu mto umegawanywa na watu wengi kabla ya kumfikia. Baba zetu waliopata mashamba katika Mpango wa Ekari Milioni Moja ulioanza mwaka 1962, na hao waliogawiwa ardhi ya Solio katika karne hii, wote wamejua kazi ya kubeba maji. Maji yaliyobebwa kwa mgongo au kwa mkokoteni hayafai kumwagwa na kuku kwa kukanyaga sufuria. Ndiyo maana twahitaji chombo chenye kujijaza chenyewe.

Tafuta mkebe wa bati au wa plastiki wa lita 4 au 5, usiotoboka. Mkebe uliokuwa na mafuta ya kupikia wafaa. Mkebe uliokuwa na rangi haufai. Na uliokuwa na dawa ya kuogeshea ng'ombe au ya kunyunyizia viazi usiutumie kabisa, hata uoshwe mara 10. Tafuta pia sinia au karai dogo lenye ukingo wa kimo cha sentimita 5, pana kuliko mdomo wa mkebe kwa sentimita 5 kila upande.

Toboa matundu mawili katika ubavu wa mkebe, karibu na mdomo wake, moja upande huu na moja upande wa pili. Yawe na upana wa penseli, na yawe sentimita 2 na nusu kutoka ukingo wa mdomo. Kipimo hiki ndicho siri ya kazi yote. Tundu likiwa juu kuliko ukingo wa sinia, maji yote yatamwagika chini. Likiwa karibu mno na mdomo, maji yatakuwa machache hata kuku mkubwa ashindwe kuyateka. Lainisha kingo za matundu kwa tupa ili zisikate vidole vyako wakati wa kusugua.

Sasa jaza mkebe maji mpaka karibu na matundu. Ufunike kwa sinia lililopinduliwa, shika vyote viwili kwa nguvu, kisha vigeuze kwa mara moja. Maji yatatoka yajaze sinia hata yafunike matundu, halafu yatasimama. Kuku anywapo, matundu huachwa wazi kidogo, hewa huingia mkebeni, na maji mengine hushuka. Watu wengine hudhani ni mazingaombwe. Hewa tunayoishi ndani yake ina uzito, nayo huyasukuma maji ya sinia yasiache yale ya mkebe kushuka. Hapa kwetu Nyeri, penye mwinuko wa karibu mita 1,800, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa, lakini bado yaweza kushikilia maji ya kimo cha mita 8 hivi. Mkebe wako wa sentimita 25 si kitu kwake.

Lakini hewa hiyo isiingie kwa mlango mwingine. Ikiwa mkebe una kitundu kidogo tu cha kutu huko juu, hata kama cha sindano, maji hayatasimama. Kabla ya kuutumia, uzamishe ndani ya ndoo ya maji huku mdomo ukitazama chini. Ukiona mapovu, tafuta mkebe mwingine.

Mwenye kuku wengi hupenda kutumia ndoo ya lita 20 yenye kifuniko kinachobana, akaisimamisha wima juu ya karai, na kutoboa matundu chini karibu na kitako. Hiyo ni sawa, mradi kifuniko kikaze. Wakati wa kujaza ziba matundu kwa vipande vya gunzi, funika, kisha yazibue. Ila ndoo kubwa ina tabia yake. Asubuhi ya Kieni ina baridi ya nyuzi 10, na mchana jua hufika nyuzi 25. Ikiwa ndani ya ndoo mna maji lita 5 tu na hewa lita 15, hewa hiyo ikipata joto hutanuka na kusukuma nje maji karibu robo tatu ya lita. Karai likiwa limejaa, maji hayo humwagika. Wakulima wengi hulaumu kuku kwa kumwaga maji, kumbe mwenye kosa ni jua. Weka ndoo kivulini, uijaze mara kwa mara isikae nusu, na chagua karai lenye ukingo wenye nafasi ya kutosha juu ya maji.

Maji kumwagika si hasara ya maji peke yake. Chini ya chombo pana maranda, na ndani ya maranda mna mavi ya kuku. Mavi hayo huenda yana mayai ya vijidudu vya ugonjwa wa kuhara damu, ambao madaktari wa mifugo huuita koksidiosisi. Mayai hayo yakiwa makavu hayana nguvu ya kudhuru. Yakipata unyevu na joto, kwa siku moja au mbili tu hukomaa, na kifaranga akiyadonoa huugua. Kwa hiyo mahali palipolowa karibu na chombo ndipo ugonjwa unapopikwa. Chombo kisiwekwe juu ya maranda. Tengeneza kifremu cha mbao chenye waya wa kuku juu yake, au panga matofali, ili matone yaanguke mahali ambapo kuku hawafiki. Kimo cha ukingo wa sinia kiwe sawa na mgongo wa kuku, nacho kipandishwe kadiri vifaranga wanavyokua. Hivyo hawataingiza miguu wala kupura maranda ndani. Maranda yaliyolowa yaondoe siku ile ile, usingoje Jumamosi.

Usiweke chombo kimoja kwa kuku 50. Kuku wana mabwana na watwana wao. Aliye dhaifu hufukuzwa kila akaribiapo, naye hukonda huku wewe ukidhani ana minyoo. Weka vyombo viwili au vitatu mahali mbalimbali.

Sasa tuje kwenye kusafisha, ambako ndiko wengi tunashindwa. Pitisha kidole ndani ya sinia lililotumika siku mbili. Utahisi utelezi kama wa konokono. Ule si uchafu wa maji tu, bali ni vijidudu vilivyojijengea nyumba ya ute, vikashika bati au plastiki. Kumwaga maji na kutia mengine hakuviondoi. Hata dawa haifanyi kazi sawasawa, maana hupotea bure kwa kupigana na ute na mavi kabla ya kufika chini. Katika nchi nyingine watu huwawekea paka na mbwa vyombo vya umeme vyenye pampu ndogo ya kuzungusha maji, na vyombo hivyo pia, vya fedha nyingi, huota utelezi uo huo pampu isipofunguliwa na kusuguliwa. Mashine haijapata kumwondolea mtu kazi ya brashi.

Kila asubuhi, basi, mwaga maji ya jana mbali na banda. Sukuma wiki zitayafurahia. Sugua sinia na mdomo wa mkebe kwa brashi na maji, hasa kwenye matundu, ambako ute hujificha. Majivu ya jikoni yakitumiwa kama mchanga huondoa utelezi vizuri sana. Ikiwa unatumia dumu lenye shingo nyembamba na mkono hauingii, tia changarawe na maji kidogo, utikise kwa nguvu. Suuza, jaza, rudisha. Kazi hii haizidi dakika 5 kwa chombo kimoja. Plastiki nyeupe inayopenya mwanga huota ukijani upesi ikikaa juani, na hiyo ni sababu nyingine ya kupenda kivuli.

Mara moja kwa juma, baada ya kusugua, tumia dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ile ambayo wengi huiita Jik. Tia vijiko 5 vya chai katika lita 1 ya maji, loweka chombo dakika 10, suuza kwa maji safi mara mbili, kisha kianike juani hadi kikauke kabisa. Usichanganye dawa hiyo na siki wala na dawa nyingine ya chooni, kwa kuwa hutoa moshi wa sumu. Bati huliwa na dawa hii, basi mkebe wa bati umwagie maji yanayochemka badala yake. Na ujue kwamba dawa ya nguo huua vijidudu vingi lakini haiui mayai ya koksidiosisi. Hayo huuawa na maji yanayochemka na ukavu. Kwa hiyo nakushauri uwe na vyombo seti mbili, moja ikitumika na moja ikikauka. Ushauri huu umenisaidia mimi kuliko dawa zote za dukani.

Maji ya mfereji wazi yamepita ng'ombe wa watu kabla ya kukufikia. Mvua za Aprili na za Novemba huyafanya tope. Yaache yatulie usiku kucha katika pipa lililofunikwa, uteke ya juu. Ya vifaranga yachemshe. Katika miezi ya baridi, Juni na Julai, kifaranga wa siku chache asipewe maji yaliyolala nje. Yapashe moto kidogo yawe vuguvugu, na panga kokoto safi katika sinia asije akatumbukia. Kifaranga aliyelowa asubuhi ya ukungu hafiki mchana.

Limebaki jambo la chanjo, nalo nalisema kwa aibu. Chanjo ya ugonjwa wa Newcastle, ambao wengine huuita kideri, mara nyingi hupewa kuku katika maji ya kunywa. Ndani yake mna kirusi kilicho hai, kilichopunguzwa makali. Mwaka mmoja nilijiona mkulima hodari. Usiku wa kuamkia chanjo nililoweka vyombo vyote katika dawa, nikavisuuza mara moja kwa haraka, nikatia chanjo. Dawa iliyobaki iliua chanjo. Ugonjwa ulipopita kijijini mwetu, nilizika zaidi ya nusu ya kuku, na karo ya muhula huo ilitoka kwa kuuza ndama.

Tangu siku mbili kabla ya chanjo, vyombo visuguliwe kwa maji matupu, bila sabuni wala dawa. Chanjo ibebwe ndani ya barafu kutoka dukani hadi nyumbani. Asubuhi mapema ondoa maji bandani kwa saa 1 au 2 ili kuku wapate kiu. Maji ya bomba ya mji, kama ya Nyeri au Karatina, hutiwa klorini. Tumia ya mvua au ya kisima, au tia maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2 na nusu kwa kila lita, ungoje nusu saa ndipo utie chanjo. Fuata karatasi ya chanjo kwa kiasi cha maji, kiwe kile watakachokimaliza kwa muda wa saa 2. Ongeza vyombo siku hiyo, hata vya kuazima kwa jirani, ili kila kuku afikie maji kwa wakati mmoja. Vya jirani navyo visugue wewe mwenyewe, na umwulize aliviosha kwa nini.

Wakimaliza, mwaga mabaki ndani ya shimo, osha mikono, na urudishe maji ya kawaida. Dawa ya nguo usiitumie tena katika vyombo mpaka siku 2 zipite.