Kamati ya Muda na Amana Yake

Katika mtaa wetu wa Rhonda, hapa Nakuru, haupiti muda mrefu ila husikika kwamba imeundwa kamati: ya maziko, ya matibabu ya mgonjwa, ya futari ya Ramadhani. Wengi wetu ni wapangaji na jamaa zetu wako mbali; akifa mtu usiku, majirani ndio watakaotafuta sanda, gari na wachimba kaburi. Kazi hiyo ni faradhi ya kifaya, na kamati ni njia njema ya kuitimiza. Tutakalo kulieleza ni kuwa kamati ya namna hii ina mwanzo na ina mwisho, na kuumaliza mwisho wake ni katika amana.

Mfano ulio bora ni wa Sayyidna Umar (R.A.). Alipochomwa kisu mwaka 23 Hijria (644), aliwataja watu sita, Uthman, Ali, Talha, Zubeir, Saad na Abdurrahman bin Auf, wamchague khalifa miongoni mwao. Tazameni alivyoifunga kazi yao. Aliwapa siku tatu tu, na katika siku hizo Suhaib ndiye aliyesalisha watu, wala si mmoja wa wale sita. Mwanawe Abdullah alihudhuria shauri, lakini hakuwa na fungu katika ukhalifa. Abdurrahman akajitoa mwenyewe, akawauliza watu wa Madina, kisha akampa Uthman baia. Kazi ikaisha, na baraza likaisha.

Ama sisi, kamati huzika maiti siku ya kwanza, nayo ikaishi mwaka mzima! Fedha zilizotumwa kwa M-Pesa huchanganyika na nauli ya mweka hazina na karo ya wanawe, na akiulizwa hesabu hukasirika kana kwamba ametukanwa. Mtume (S.A.W.) alimhesabia Ibn al-Lutbiyya, aliyemtuma kukusanya zaka, hata zile alizodai kuwa ni zawadi zake; naye alikuwa sahaba.

Je, zikibaki fedha? Wanazuoni wamelieleza hili katika mlango wa jeneza: zilizochangwa kwa sanda ya maiti fulani, zikizidi, hurudishwa kwa waliozitoa wakijulikana, wasipojulikana, hutumiwa kwa sanda ya fakiri mwingine. Baki hiyo si mirathi, kwani haikuwa mali ya maiti. Waliyopewa wafiwa mikononi mwao kwa kuwaliwaza ni yao. Zamani, bakuli lilipopitishwa msikitini, ilikuwa rahisi kusema watoaji hawajulikani. Leo shilingi iliyotumwa kwa simu hubaki na jina la aliyeituma, na udhuru huo umeondoka.

Basi siku ya kuundwa kamati iandikwe karatasi moja: kazi yake, siku ya kuvunjwa, watu wawili wa kushika hesabu, na baki itakwenda wapi, isomwe msikitini kabla ya kuchangwa senti. Na wawemo mabibi wanaoosha maiti wa kike. Sanda ya mwanamke ni vitambaa vitano, nao wajua bei yake kuliko sisi.