Mvua Ikibadilika, Mto Ngong Hufanya Nini? Mwongozo kwa Wakazi wa Tena

Jua linaweza kuwa linawaka mtaani Tena, Eastlands ya Nairobi, huku Mto Ngong, ule unaopita Mukuru kuelekea Njiru, umefurika. Maji hayo hayakunyesha kwako. Yanatoka magharibi ya jiji: Mto Motoine huyaingiza katika Bwawa la Nairobi kando ya Kibera, na yakitoka hapo ndipo mto huitwa Ngong. Kwa hivyo, kabla ya kuvuka, ulizia mvua ya Dagoretti na Kibera pia.

Je, mvua nyingi lazima ijaze mto? Inategemea imenyeshaje. Milimita mia moja zikigawanyika mwezi mzima, udongo huzinywa na kuuachia mto pole pole. Zikimwagika kwa siku mbili, udongo hushiba na maji yaliyobaki hukimbilia mtoni. Huku Eastlands mabati, saruji na lami hayanywi kitu, basi mto hupanda kwa ghafla na kushuka upesi.

Je, mito inakauka au inaongezeka? Swali hili halijibiwi kwa mwaka mmoja. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, maeneo kame ya Kenya yalikosa mvua ya kutosha misimu mitano mfululizo. Mwishoni mwa 2023 ikaja mvua ya El Niño, joto la Bahari ya Pasifiki ambalo mara nyingi hutuletea vuli nzito, na masika ya 2024 yakaleta mafuriko Nairobi. Ukichagua kipande kimoja utadanganyika. Wataalamu wa hali ya hewa hupima wastani wa miaka 30.

Unaweza kuanza rekodi yako bila gharama. Tafuta mkebe wenye pande zilizonyooka, uweke mahali pa wazi mbali na paa, na kila siku saa tatu asubuhi pima maji kwa rula, uandike, kisha uyamwage. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita mraba. Paa la mita mraba 20 likipata milimita 10, ni lita 200. Andika pia maji ya mto yamefika wapi kwenye nguzo ya daraja, ukitazama kutoka mbali.

Utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa, yenye makao Dagoretti Corner, husomwa redioni. Tafadhali usivuke daraja lililofunikwa na maji, wala usimruhusu mtoto. Kukiwa na hatari, piga 1199, nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu.