SOMO: Samaki wa ziwa moja na wakusanyaji wengi



Katika Masisi na Walikale tumesikia mara nyingi ugomvi unaoanza na samaki. Familia iliyokimbia vita inafika penye maji, iwe ni maziwa ya Mokoto, mwambao wa Kivu upande wa Sake, au kijito kinachoingia mto Lowa. Baba anatupa neti. Mwenyeji anakuja na kuuliza: nani amekuruhusu? Kabla ya kujibu swali hilo, tutazame ziwa lililo katika jimbo letu wenyewe, Ziwa Edward.

Sehemu ya Kongo ya ziwa hilo iko ndani ya Mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Serikali ilikubali vijiji vitatu tu vya wavuvi: Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma. Taasisi ya mbuga, ICCN, pamoja na ushirika wa wavuvi unaoitwa COPEVI, ziliweka masharti. Idadi ya mitumbwi ilikuwa na kikomo, na kila mtumbwi ulipewa namba. Neti zenye matundu madogo zilikatazwa, na hakuna aliyeruhusiwa kuvua mahali samaki wanapozalia.

Sharti hilo la mwisho linawaudhi wengi, kwa sababu samaki wanaonekana tele pale pale pembeni. Lakini tilapia jike hubeba mayai mdomoni mwake, na watoto wakishatoka hukaa kwenye maji mafupi ya ukingoni. Ukimvua huyo mama, umevua na kizazi chake. Mvuvi aliyeelezwa jambo hili hulielewa upesi. Aliyeonyeshwa bunduki tu hungoja mlinzi aondoke.

Basi kwa nini masharti mazuri hayakushika? Kwa miaka mingi ya vita, makundi yenye silaha yalikaa kando ya ziwa na kuuza ruhusa yao. Mvuvi alilipa jeton kwa kundi la kwanza, akakutana na la pili, na mara nyingine hata askari wa serikali alitaka samaki wake. Ninyi mnaijua hesabu hiyo: ni ndugu wa ile “lala salama” inayodaiwa vijijini. Mtu aliyelipa mara tatu kabla ya kushusha neti atarudishaje pesa yake? Atavua usiku mahali pa kuzalia, kwa neti ya matundu madogo. Mitumbwi isiyo na namba iliongezeka, na vijiji vya uvuvi visivyoruhusiwa vikaota ukingoni. Viboko nao waliuawa kwa ajili ya nyama: katikati ya miaka ya 1970 walikuwa karibu 29,000, na kufikia mwaka 2005 hawakufika 1,000. Wavuvi wazee husema kinyesi cha kiboko ndicho chakula cha samaki, na wataalamu wengi wanakubaliana nao.

Samaki walipopungua upande mmoja, watu walivuka kwenda upande wa Uganda, na wengi wakakamatwa. Mwezi wa Julai 2018 wanajeshi wa majini wa nchi hizi mbili walipigana risasi ziwani, na watu wakafa. Mwaka huo huo serikali zote mbili zilitia sahihi mapatano ya kusimamia pamoja uvuvi wa Ziwa Edward na Ziwa Albert. Mwaka 2024 vita vilifika Vitshumbi, na wavuvi wengi wakawa wakimbizi kama ninyi.

Sasa turudi kwetu. Neti inayoleta maneno mengi siku hizi ni chandarua cha mbu. Hapo lazima tuseme ukweli: vyandarua vingi vililetwa na mashirika kama letu, vikagawiwa kwa watu waliokuwa na njaa kuliko walivyoogopa malaria. Chandarua kikishonwa na kingine hakimwachi hata samaki wa ukubwa wa ukucha. Kumwita mama huyo mwizi hakumpi chakula cha jioni.

Tunaona afadhali wakubwa wa kijiji na wawakilishi wa waliokimbia watembee pamoja ukingoni kabla ya mtu kukatazwa. Wenyeji waonyeshe kwa mkono mahali pa kuzalia na waseme sababu. Waliokimbia waseme ni familia ngapi zinazotegemea maji hayo. Kisha wapatane siku za kuvua, neti gani, na nani atakayeangalia, mmoja kutoka kila upande, mwanamke akiwemo, maana wanawake ndio wanaouza samaki na wanajua ukubwa wake umeshuka lini. Faini, kama ipo, iwekwe mbele ya watu wote. Hatuwaombi mgombane na mwenye silaha anayedai jeton. Maisha yenu ni ya kwanza. Tunaomba tu kamati ya kijiji isiwe mkusanyaji wa nne.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi: Kwenu, nani anatoa ruhusa ya kuvua, na pesa yake inakwenda wapi? Ni sharti gani la maji mnalolifuata hata pasipo mlinzi, na mlifundishwa na nani? Familia ikifika kesho bila neti na bila shamba, mtaionyesha sehemu gani ya ukingo?