Faili tupu na nakala za kushiriki bloku

Swali: Programu yangu ya kuhifadhi nakala hutumia wito wa FICLONERANGE kwenye XFS. Ikikuta faili tupu, niupitishie wito huo urefu wa 0?

Jibu: Hapana. Kwenye Linux, urefu wa 0 katika wito huo humaanisha "mpaka mwisho wa faili". Programu nyingine ikiandika humo baada ya wewe kupima, utabeba data usiyoitarajia. Faili tupu halina bloku za kushiriki. Unda jipya, lipe ruhusa na tarehe za lile la awali, basi. Lakini kama la kupokea lilikuwepo, likate kwanza hadi baiti 0, kwa kuwa wito huu haufuti masalia. Kosa la kusahau kulikata naliona baya zaidi, kwani halitoi hitilafu yoyote. Mafaili ya /proc ni kisa kingine: mengi hudai baiti 0 ilhali yana maandishi, hivyo yasome kwa njia ya kawaida.