Saini ya Caruso kwa Kalamu ya Biki

Mdogo wangu wa Buyenzi, barua yako nimeisoma, na picha uliyonitumia nimeikuza kwenye simu mpaka macho yakaniuma. Unasema muuzaji wa mtandaoni anataka dola, tena leo leo, eti kuna wengine wanaisubiri. Picha ni ya Enrico Caruso, yule mwimbaji wa opera wa Italia, na saini ipo chini, rangi ya buluu. Sasa dada yako nikuulize: huoni kwamba hiyo ni kalamu ya biki? Caruso alifariki mwaka 1921. Kalamu za kijipira, yaani hizo biki, zilianza kuuzwa New York mwaka 1945. Basi marehemu aliamka baada ya miaka 24, akatia saini, akarudi kulala!

Usitume hata faranga. Dola yenyewe unajua ilivyo adimu hapa Bujumbura, utainunua kwa bei ya mtaani ukampe mwongo.

Ninyi mnaopenda hawa wanamuziki wa klasiki wa Ulaya, siwakatazi. Ila jifunzeni kutazama. Chukua lenzi ya kukuzia: saini iliyochapwa pamoja na picha mara nyingi huonyesha vitone vidogo vidogo, wino wa mkono hauna. Inamisha picha kwenye mwanga wa dirisha, wino halisi hung'aa tofauti na karatasi. Na hata wino ukiwa halisi, mkono unaweza kuwa wa karani wake, maana watu maarufu walikuwa na makarani wa kuwasainia. Siku hizi kuna mashine pia. Ukikuta saini mbili zinalaliana sawasawa, bila tofauti hata ya unywele, hiyo ni mashine. Mkono wa binadamu haujirudii hivyo.

Mimi lakini ningeanzia nyumbani. Khadja Nin alizaliwa hapa Burundi mwaka 1959, akaimba kwa Kiswahili, Kirundi na Kifaransa, na albamu yake ya Sambolera ya mwaka 1996 wazazi wenu wanaijua. Kasha la albamu hiyo lenye saini yake ningelithamini kuliko Caruso wa biki. Na klasiki yetu je? Mpiga inanga akiinamia nyuzi zake na kuimba kwa kunong'ona, hiyo si sanaa ya kukalia kimya na kusikiliza? Wapiga ngoma wa Gishora, karibu na Gitega, wanatunza ngoma za kifalme, ambazo uchezaji wake wa kimila uliorodheshwa na UNESCO mwaka 2014. Nendeni mkawasikilize, mpige picha kwa ruhusa, mkaisafishe studio, kisha mrudi nayo. Mzee asiyejua kuandika msimwonee aibu wala msimwaibishe: mpelekee kidau cha wino, aweke dole gumba. Dole gumba halina karani.

Mkienda onyeshoni, subirini msanii ajifute jasho kwanza. Muwe na picha mbili, moja ya kumwachia yeye, moja ya kwenu, maana wazee wetu hupigwa picha kila siku na hawaletewi hata moja. Mpe sehemu nyeupe ya picha aandike, acha wino ukauke kabla ya kuirudisha kwenye bahasha. Nyuma andika kwa penseli laini tarehe na mahali. Halafu, nawaombeni, msiipige lamineshi! Najua mnapenda, kila cheti kinapigwa. Lamineshi inaweza kuiharibu picha kwa joto, na haitoki tena. Iwekeni ndani ya bahasha ya karatasi, mbali na jua, wala si juu ya televisheni.

Umeuliza pia kama umwombe msanii aandike jina lako. Wauzaji watakwambia hapana, picha yenye jina la mtu hushuka bei. Wewe unauza? Mwambie aandike, na umtajie herufi moja moja.