Mgeni Rubya, nianzie wapi?

*Mtaalamu, nimehamia Rubya, Muleba, kufundisha, nikitokea Dodoma. Kila upande ni migomba, watu wanaongea Kihaya, nami nikitoka kazini najifungia ndani. Usingizi sipati vizuri. Nifanyeje? Mwalimu mgeni*

Pole, mwalimu. Huo ni ugeni, si ugonjwa. Umezoea uwanda mkavu ambako macho yanafika mbali. Hapa nyumba zimo ndani ya vibanja, yaani mashamba ya migomba, na hata jirani humwoni. Anza kwa mwenyekiti wa kitongoji, jitambulishe, mwombe akufikishe kwa majirani. Usiliahirishe hilo, maana mtu akishajulikana hupita kibanjani bila kutiliwa shaka. Jioni tembea hadi hospitali ya Rubya, kesho uelekee seminari. Sokoni nunua ndizi, uliza zinavyopikwa. Mazungumzo yatakuja yenyewe. Novemba senene, wale panzi wa kuliwa, wakianguka, toka na wenzako mkawakamate.

Ukishuka Ziwa Victoria, usiingie majini ufukweni: kuna kichocho. Lala ndani ya chandarua, na ukipata homa kapime malaria siku hiyohiyo. Usingizi ukigoma zaidi ya wiki mbili, au ukikosa hamu ya kula na ya kazi, nenda hospitalini ueleze bila kuficha.