Kamio Inapochemka Njiani: Tuangalie Kwanza Termostati

Ndugu wanachama, kamio iliyojaa kakao ikichemka kati ya Mutwanga na Beni, hasara si ya shofere peke yake. Kakao isiyokauka vizuri ikilala chini ya bashe inashika ukungu, na bei inaanguka. Tena kulala kwenye barabara ya Beni–Kasindi, hatari yake kila mtu anaijua.

Wengi wanakimbilia kununua radiatere mpya. Tuulize kwanza termostati. Ni kifuniko kidogo cha chuma, kiko pale maji yanapopita kati ya motere na radiatere. Ndani yake mna nta. Motere ikiwa baridi, kinafunga. Maji yakifika karibu digri 82 (namba imeandikwa juu yake, nyingine ni 76 ao 88), nta inavimba na kusukuma mlango, maji yanaenda kupoa.

Washa motere asubuhi ikiwa baridi. Mshale ukipanda juu sana na mpira mkubwa unaoenda radiatere ubaki baridi, termostati inaweza kuwa imeganda ikiwa imefunga, ila angalia kwanza kama maji yamejaa. Mpira ukianza kupata moto mara moja, mshale nao ukikawia kupanda, imebaki wazi: hiyo haichemshi, lakini inakula mazutu. Na kama mshale unaruka juu mara tu unapofungua kontakti, motere ingali baridi, basi ugonjwa uko kwenye waya ao kipimo, si kwenye maji.

Kuhakikisha, itoe, uifunge na kamba, uitundike ndani ya sufuria ya maji bila kugusa chini, uweke kwenye moto. Lazima ianze kufunguka mbele maji hayajachemka. Isipofunguka kabisa, imekufa. Lakini tuangalie kitu kimoja: Butembo iko juu ya metre 1.700, kule maji yanachemka karibu digri 94, si 100. Kwa hiyo termostati ya 88 itafunguka kidogo tu ndani ya sufuria. Usiitupe kwa sababu hiyo.

Milima hiyo hiyo njo inafanya kifuniko cha radiatere kiwe na kazi kubwa. Kinabana maji yasichemke mapema. Mpira wake ukichoka, unaweza kubadilisha termostati tatu na kamio bado ichemke. Kinauzwa bei ndogo kuliko radiatere. Lakini kama inachemka tu kwenye mlima ikiwa na mzigo, angalia kwanza matope kwenye radiatere, mkanda wa feni, na maji yanayovuja.

Mafundi wengine wanaitoa termostati wanaitupa, wanasema hapa kwetu kuna joto. Hatukubali. Motere inakaa baridi, inachakaa mbio. Na kwenye motere nyingi za Japani, termostati ndiyo inafunga njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, maji mengi yanarudi kwenye motere bila kupita radiatere, na inachemka zaidi.

Ikishachemka, zima, ungoja nusu saa ao zaidi. Usifungue kifuniko kingali na moto: maji yatakurukia usoni. Usimwage maji baridi kwenye motere ya moto, kichwa chake kinaweza kupasuka. Na ukiona mafuta ya motere yamekuwa kama chai ya maziwa, usiwashe tena, hata kama Beni imebaki kilometre tano. Itafutwe kamio nyingine ya kubeba kakao.